Jiwe la Mama Immakulata

Jumatano, 2 Oktoba 2024

Joto. Vumbi mpaka kwenye meno. Wiki ya tano tunachimba hapa Ruvugo, upande huu wa Kibondo, na shimo letu halijatoa kitu cha maana. Vibanzi vya mawe tunaviokota juu juu korongoni, vingi tu — lakini hivyo maji yameshavisukuma huku na huku, hakuna anayejua vilitoka tabaka gani. Dokta Kalunga anataka kitu kilicholala mahali pake, ndani ya udongo, hakijaguswa tangu mwenyewe alipokiacha. Huu ni msimu wake wa mwisho kabla ya kustaafu. Jioni anakaa peke yake ukingoni anaangalia shimo.

Mchana nimepita kwa Mama Immakulata kununua ndizi. Nyumba yake ndiyo ya kwanza ukipanda kutoka korongoni. Ananipenda kwa sababu naongea Kirundi, na kwa sababu wazazi wangu waliingia Kasulu kwa miguu, wakimbizi kama yeye. Nimemkuta amepiga magoti mbele ya urusyo, lile jiwe lake kubwa la kusagia, analigonga kwa jiwe dogo. Tuk, tuk, tuk. Anafanya nini? Analiamsha. Limelala, akasema, limekuwa laini mno, ulezi unateleza tu juu yake.

Nikatazama lile jiwe la mkononi. Shoka la mkono! La kale kabisa, limechongwa pande zote mbili, tako nene la kushikia, kingo bado kali. Ncha tu ndiyo imekuwa butu. Mama mkwe wake aliliokota korongoni walipokuja kufungua shamba, akaona linafaa kuamshia urusyo. Alipofariki likabaki kwa Mama Immakulata. Yaani miaka yote hiyo wanawake wa nyumba moja wanafanya kazi na zana ya mtu wa kale, na sisi tuko hapo chini na brashi zetu tunatafuta!

Nimeliazima. Nilichore, nilipime, nilipige picha, kesho kutwa narudisha. Akasita. Usichelewe mwanangu, akasema, tarehe ishirini wakwe wanakuja kumposa binti yangu Reine, nami nina ulezi wa kusaga. Mashine ipo barabarani, lakini kwao unga wa kinywaji cha wakwe unasagwa na mama wa binti, kwenye jiwe la nyumba. Wa mashine ni wa kula tu. Nikamwapia kwamba sichelewi.

Alhamisi, 3 Oktoba

Sijui nianzie wapi.

Jana alasiri mvua ilikuja bila hodi. Nilikuwa nalipeleka jiwe kwenye hema. Dokta akapiga kelele, turubai, turubai! Nikaruka kamba tuliyozungushia shimo, nikaliweka jiwe ukingoni mwa shimo ili nishike pembe ya turubai. Ndani ya kamba! Sheria ya kwanza ya Dokta, siku ya kwanza kabisa, ni kwamba jiwe la nje halivuki kamba. Upepo ukatuvuta huku na huku, kisha kila mtu akakimbia. Nilipolikumbuka jiwe nilikuwa nimeshalowa, mvua inapiga kama imetumwa. Nikasema nitalichukua asubuhi.

Asubuhi nikachelewa. Nilikuwa nafua soksi. Soksi!

Nafika, Pasikali yuko shimoni na mwiko wake anaondoa tope. Pasikali ndiye mchimbaji wetu mzuri kuliko wote, mtoto wa hapa hapa. Ukuta wa kona yangu ulikuwa umemeguka. Akasema kwa sauti ya chini, Dokta, njoo uone hapa.

Lilikuwa chini kabisa, nusu limezama. Jiwe la Mama Immakulata. Dokta aliteremka bila miwani, akapiga magoti kwenye tope na suruali yake safi. Akanitazama mimi, maana kona ni yangu. Dorcas, lilikuwa ndani ya tabaka, au limeporomoka na huu udongo wa juu?

Nikasema, lilikuwa ndani. Nililiona jana linachungulia ukutani kabla ya mvua, nilitaka kukwambia leo.

Neno limetoka mdomoni lenyewe, zima zima, kama nililifanyia mazoezi. Niliogopa kusema nimevuka kamba na jiwe. Hiyo tu! Niliogopa kugombezwa mbele za watu. Kisha Dokta akaanza kulia, machozi kabisa, mzee mzima, na Pasikali akapiga kofi, na wote wakapiga. Nami nikapiga. Ningesema saa ngapi tena?

Ijumaa, 4 Oktoba

Soda kwa wote. Dokta amepiga simu Dar mara nyingi hadi chaji ikaisha. Kila akimaliza kuongea ananishika bega.

Najiambia: jiwe ni la kale kweli. Limetoka korongo hili hili kweli. Uwongo ni mahali tu. Nimejifunza miaka mitatu chuoni kwamba mahali ndiyo kila kitu — jiwe bila mahali pake ni jiwe tu. Nilijibu swali hilo kwenye mtihani, nikapata A.

Soda haikunyweka.

Jumapili, 6 Oktoba

Misa kigangoni. Mama Immakulata alikuwa ameketi mbele yangu, kitenge cha bluu. Wakati wa kupeana amani aligeuka, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Nje akaniuliza jiwe. Taratibu, kana kwamba yeye ndiye ananisumbua. Nikasema bado nachora. Lina kona nyingi, mama.

Akacheka. Akasema yeye halijui kuwa lina kona, analijua kwa kiganja.

Nilikuwa nimetoka kupokea komunyo. Sijui nimepokea nini.

Jumanne, 8 Oktoba

Mambo yamezidi kuwa mabaya. Leo Dokta ameliweka jiwe chini ya lenzi, akaniita. Angalia ncha, akasema. Imegongwa. Imegongwa mara nyingi mno, kwenye kitu kigumu, pembe ile ile kila mara. Huyu mtu hakuwa anachinja na kukata tu. Alikuwa anagonga kwa subira, siku baada ya siku. Anasema hajawahi kuona ncha ya namna hii. Anasema hapa ndipo penye habari yenyewe, siyo kwenye shoka.

Nami namwona Mama Immakulata amepiga magoti. Tuk, tuk, tuk.

Ningeweza kusema leo. Tulikuwa wawili tu hemani. Nikasema, kweli Dokta, ni ajabu. Ameanza kuandika ripoti, na mwakani anataka kona yangu ipanuliwe ili watafute mengine. Watu wazima watachimba msimu mzima kutafuta wenzake wa jiwe lililoanguka kutoka mkononi mwangu. Najichukia.

Alhamisi, 10 Oktoba

Mama Immakulata amekuja mpaka kwenye kamba. Hakuvuka. Ameniletea mkungu mdogo wa ndizi. Tukaongea habari za mvua. Hakuuliza jiwe.

Afadhali angeuliza.

Jumamosi, 12 Oktoba

Kasulu. Gari lilikuwa linafuata dizeli na sukari, nikaomba lifti. Nimepita nyumbani. Mama kaniangalia usoni, kaniuliza naumwa nini. Nikasema malaria. Kanipikia uji, kanipaka mafuta kifuani kama mtoto. Sasa namdanganya na mama pia, nimekuwa na ulimi mwepesi kwenye kazi hii.

Sokoni nilikuwa na mpango. Nimeufikiria wiki nzima na niliuona mzuri: kama siwezi kumrudishia jiwe, nimpe kitu kinachofanya kazi ya jiwe. Muuza vifaa vya uashi akanitolea patasi ya chuma. Hii inachonga mpaka jiwe la kaburi, dada, akasema. Nikachukua na nyundo yake. Njiani nilikuwa karibu na furaha. Dereva aliweka redio, nikaimba.

Jumapili, 13 Oktoba

Nimempelekea baada ya misa. Nikasema jiwe liko kwa Dokta, amelipenda, bado analichunguza, kwa sasa tumia hii. Nusu kweli, nusu uwongo, vimesagwa pamoja. Akaigeuza patasi mkononi. Ni chuma, akasema. Kisha, urakoze, mwana wanje. Asante, mwanangu.

Hakuniuliza kwa nini Dokta hakumwomba yeye mwenyewe. Anaongea Kiswahili kizuri kuliko mimi, amefundisha katekisimu miaka mingi. Dokta angeweza kabisa kumwomba. Nadhani aliliwaza hilo. Nililiona likimpita usoni.

Jumatatu, 14 Oktoba

Nyerere Day, hakuna kazi. Ningebaki hemani nikalala. Nikaenda kuona patasi inafanyaje.

Urusyo umevunjika.

Alipiga mara chache tu, kwa mkono wake ule ule wa siku zote, kiasi kile kile alichozoea. Chuma kikaingia. Kipande kimebanduka katikati, pale pale unga unapopita, na ufa umekwenda hadi ukingoni. Alikuwa ameketi chini, miguu ameinyoosha, ungo wa ulezi pembeni. Ulezi aliojaribu kusaga una mchanga. Akanipa nionje. Ukalia kwenye meno.

Nitaandika hili kwa sababu hapa sina wa kumficha. Kitu cha kwanza nilichokiona hakikuwa Mama Immakulata. Kilikuwa kile kipande. Kibanzi kizuri, chembamba, kina uvimbe wake pale kilipopigwa, vile vile tunavyoviokota korongoni. Nilikiinua, nikakigeuza kwenye mwanga. Urusyo wa nyumba yake umekufa na mimi nakagua kibanzi! Nilipozinduka alikuwa ananitazama.

Nikalia. Yeye ndiye akanibembeleza. Nyamaza, akasema, ni jiwe. Mkono wangu haukijui chuma, kosa ni la mkono. Kosa la mkono wake! Reine alikuwa mlangoni, amenikazia macho. Siku sita zimebaki wakwe waje. Nikauliza, hamwezi kuazima urusyo kwa jirani? Akatikisa kichwa. Si wa nyumba hii. Akasema atasaga upande ambao haujavunjika, polepole. Lakini upande huo nao umelala. Lazima uamshwe, na chuma hataki tena kukigusa.

Kwa hiyo anahitaji jiwe lake. Hakuna njia nyingine. Nimezunguka kote nimerudi pale pale.

Jumatano, 16 Oktoba

Nimekwenda kusema. Kweli nimekwenda. Nilijipanga tangu asubuhi, hata chai sikunywa. Dokta, lile jiwe si la shimoni. Maneno sita tu.

Nikamkuta anafunga jiwe kwenye pamba. Kabla sijafungua mdomo akaniambia nikae. Ijumaa tutawaonyesha wanakijiji tulichopata, ni haki yao. Jumamosi jiwe linaondoka kwenda Dar, na likishafika ni mali ya taifa, halitoki tena. Anataka nilipeleke mimi. Wewe ndiye uliyeliona kwanza, akasema. Ameongea na watu wa chuo habari za kunisomesha zaidi. Akasema amefundisha wanafunzi wengi, wengi wao wana akili, wachache sana wana macho.

Nikasema asante, Dokta. Hayo ni mawili tu.

Nimetoka nimekwenda nyuma ya choo nimetapika. Pasikali aliniona. Akaniletea maji, akauliza, dada Dorcas, una nini? Malaria, nikasema. Inanifaa sana hii malaria.

Ijumaa, 18 Oktoba

Nataka kuandika yote kama yalivyokuwa, nisijipendelee.

Uwanja wa ofisi ya kijiji. Meza, kitambaa cheupe, vibanzi vimepangwa kwa ukubwa, jiwe katikati. Watu wengi. Niliomba Mama Immakulata asije. Sikumwomba yeye — niliomba Mungu. Alikuja. Alikaa mstari wa mbele na kitenge chake cha bluu, na mara tu kitambaa kilipofunuliwa akaliona jiwe lake. Nilikuwa namwangalia. Hakushtuka. Aliweka mikono mapajani, akaisikiliza hotuba yote.

Dokta aliongea vizuri, hajawahi kuongea vizuri vile. Aliwaambia kwamba hapa palikaa watu kabla hapajaitwa Buha, kabla ya jina lolote. Watu wenye akili, wenye mikono kama yenu. Akaonyesha ncha. Akasema jiwe hili limelala kwenye udongo wa Ruvugo muda usiohesabika, likingoja, mpaka binti yenu Dorcas akaliona. Makofi. Nilitaka ardhi inimeze, na nilikuwa nimesimama karibu na watu wanaojua kuchimba.

Kisha akasema wazee waje walishike. Mama Immakulata akanyanyuka. Alilichukua bila kuliangalia. Liliingia kiganjani, kidole gumba kikaenda mahali pake chenyewe. Dokta akafurahi, akamwambia kila mtu, mnaona linavyokaa! Halafu akamuuliza, mama, wewe ungelifanyia kazi gani hili?

Akanisogelea mimi, akaniinamia sikioni, akasema kwa Kirundi, polepole: Wamubwiye iki? Ulimwambia nini? Niambie na mimi niseme hivyo hivyo, nisije nikakuharibia.

Hivyo ndivyo alivyosema. Hakusema ni langu, nipe. Alitaka kujua uwongo wangu ulivyo ili aubebe pamoja nami, yeye, mwalimu wa katekisimu, mbele ya kijiji chake kizima. Na urusyo wake umevunjika, na wakwe wanakuja keshokutwa.

Dokta ni mtu wa Tabora, hajui Kirundi. Akauliza, anasemaje? Uwanja wote ukaningoja mimi. Na mimi — wakati ule, mlango uko wazi kabisa, nimefunguliwa na mtu mwenye haki ya kunifungia — nikasema: anasema ni jiwe zuri, hajui lilikuwa la kazi gani.

Alinisikia. Kila neno. Aliliweka jiwe kwenye kitambaa, taratibu, ncha imeelekea upande ule ule lilivyokuwa. Akarudi kukaa. Walipopiga makofi naye akapiga.

Pasikali alikuwa nyuma yangu. Pasikali ni Muha, lugha yao na Kirundi ni ndugu, chote anakielewa. Alikuwa anaangalia viatu vyake.

Jumamosi, 19 Oktoba, asubuhi

Naandikia ndani ya gari. Mizigo imepakiwa. Sanduku lenye jiwe liko pembeni yangu kwenye kiti, limefungwa mkanda wa gari, Dokta kalifunga mwenyewe. Tunasubiri dereva amalize kujaza upepo.

Pasikali kanipa mkono kila asubuhi tangu Agosti. Leo alipakia begi langu, akapita.

Nimepiga hesabu zote. Nikisema sasa, Dokta ataondoka kazini na aibu, ripoti yake ameshaituma. Nikinyamaza, Mama Immakulata kesho anawapa wakwe unga wenye mchanga, au wa mashine, na watu watasema nyumba hii haina mama. Halafu nikajikuta nimejisahau kwenye hesabu. Mimi nikinyamaza napata shule. Hiyo sikuiweka. Huwa siiweki.

Amekuja. Mama Immakulata yuko pale kwenye kamba, na Reine nyuma yake. Hajabeba kitu. Amemwamkia Dokta, Dokta kavua kofia. Anamwambia kitu. Dokta anatabasamu, anatikisa kichwa, haelewi — anamwongelesha kwa Kirundi! Mwanamke aliyefundisha watoto wa kijiji hiki Baba Yetu kwa Kiswahili. Dokta anamwita Pasikali aje atafsiri. Pasikali hasogei. Anasema kitu, ananionyesha mimi kwa kidevu.

Dokta anapunga mkono. Dorcas, acha kuandika, njoo, mama ana neno.

Wote wanne wananiangalia. Kiswahili anakijua. Ananingoja mimi.

Nashuka. Hili sanduku — niliache kwenye kiti, au nishuke nalo